Mgeni wa wikendi hafikii jembe

Mhariri, salaam nyingi toka huku Tanga na poleni na kazi. Naomba nafasi kidogo gazetini niongee na walimu wa vyuo na viongozi wa klabu za wanafunzi wanaoandaa hizi safari za wikendi za kuvuka mpaka, maana siku hizi zimekuwa nyingi, na mimi kwa vile nina ndugu kule Mombasa na nyumba yangu hapa Makorora ina vyumba, basi nishageuzwa mwenyeji wa kudumu, kundi likitaka kuja namba yangu ndo inapigwa. Sikatai, mgeni ni baraka. Ila wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hawa wa wikendi hesabu zao wamezipiga vizuri sana, wanaingia Ijumaa usiku wanaondoka Jumapili, jembe hawalifikii ng'o.

Watoto wenyewe sina neno nao. Kundi la mwisho lilitoka chuo kimoja cha Mombasa, jina naliacha, wanasomea mambo ya utalii na wachache historia, wamejaa kwenye kibasi cha kukodi na mwalimu wao kijana mpole. Wana adabu, wanaamkia wakubwa, hata wavulana wanaosha vyombo bila kuambiwa, mama yangu mzazi akawa anasema hawa wamelelewa. Mzigo uko kwa wanaopanga. Safari inapangwa mezani na mtu ambaye Tanga hajawahi kulala hata usiku mmoja, halafu mwenyeji anatumiwa ratiba wasapu siku mbili kabla kama vile anatumiwa kadi ya harusi, yaani kazi yake ni kuitikia tu.

Ratiba yenyewe nilivyoisoma nikamwita mama aje asikie. Jumamosi asubuhi mapango ya Amboni, saa tano Kisiwa cha Toten, mchana chakula, baada ya hapo Machui kwenye kaburi la Shaaban Robert, magofu ya Tongoni, Pangani mjini, halafu kurudi Raskazone kuogelea kabla jua halijazama. Jumapili Lushoto kwenda na kurudi, na jioni wavuke Horohoro waende zao Mombasa. Jamani! Lushoto unatoka Tanga unapita Muheza, Korogwe, Mombo, halafu ndo unaanza kupanda mlima kona kwa kona, kwenda peke yake asubuhi yote imeisha. Pangani huko ni kilomita kama hamsini. Nikampigia mwalimu, nikamuuliza mwanangu, hii umepanga kwa basi au kwa ramani ya simu? Akacheka, akasema anti kwa ramani, kwenye simu paonekana karibu.

Nikaipunguza mwenyewe. Amboni asubuhi kabla jua halijakolea, maana iko kaskazini ya mji kama kilomita nane, mnarudi kula, mchana mnashika barabara ya Pangani ambako Machui na Tongoni ziko njia moja, basi, mnarudi kulala. Toten nikaifuta kwa sababu boti inafuata maji, maji yakitoka mtashuka matopeni na viatu vyenu hivyo vyeupe. Lushoto nikaifuta kabisa. Kuna kijana aliniuliza sasa anti tutaona nini wikendi nzima? Nikamwambia utaona vitu vichache na utavikumbuka.

Kabla ya kufika huko kwenye kuona, kulikuwa na balaa la mpakani, na hili nalisema kwa msisitizo maana wapo watoto waliolipa hela zao na Tanga hawakuiona. Wakenya wamezoea tangu 2014 kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu, sasa wanadhani na huku ni hivyo hivyo. Siyo. Tanzania haimo kwenye ule mpango, huku unakuja na pasi au hati ya muda ya kusafiria, na juu yake kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Kwenye lile kundi pasi na hati walikuwa nazo, kadi ya njano wengine hawana, na mmoja alikuwa nayo lakini kachanjwa Alhamisi na safari Ijumaa, wakati ile kadi inaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Sindano ukishachoma ni ya maisha, tangu 2016 hakuna tena habari ya kurudia kila miaka kumi, kwa hiyo ni kitu cha kufanya mara moja unamaliza, lakini ufanye mapema. Hao wakageuzwa usiku, wakarudi Ukunda kulala kwa ndugu wa mwenzao, msichana mmoja alinipigia analia, anti mie chakula changu msile. Nani alitakiwa kuwaambia? Siyo mtoto wa miaka ishirini ajue kanuni za afya za nchi ya jirani. Na siyo mwenyeji vile vile, japo mimi ningeulizwa ningesema, ila sikuulizwa, niliulizwa kama kuna waifai.

Halafu wanatoka Mombasa Ijumaa baada ya vipindi! Foleni ya feri Likoni saa za watu kutoka kazini kila mtu anaijua, siku hizi hata ile njia ya Dongo Kundu isiyopita feri ipo, wao wakaenda Likoni. Mpaka wamefika Lunga Lunga ni usiku, mpaka wamemaliza Horohoro ni usiku mkubwa, lami ya kuja Tanga nzuri haina tatizo ila mimi nipo macho na sufuria la wali jikoni nalifunika nalifunua. Ondokeni asubuhi. Kipindi kimoja cha Ijumaa hakitaua mtu.

Sasa niseme kwa nini bado nawapokea, maana mtu atasema huyu mama analalamika tu. Amboni ile walifurahi mno. Mnaingia na tochi, kuna sehemu mnainama, sehemu mnapita kwa ubavu, popo juu, guide anamulika anasema hili jiwe ni kochi, ile ramani ya Afrika, wanabishana. Chokaa lile ni la mamilioni ya miaka. Mapango yako kama kumi lakini linalotembelewa ni moja. Wakaoneshwa na sehemu ya mzimu ambako watu mpaka leo wanaenda na nadhiri zao, chupa za marashi ziko pale, wakanyamaza kidogo, hata wale wa simu mkononi muda wote. Halafu guide akawasimulia vile vya zamani, kwamba kuna mbwa alipotea humo akaja kutokea mbali huko, wengine wanasema Kilimanjaro, wengine wanasema Mombasa. Kijana mmoja akadakia hapo hapo, yaani kumbe twaweza kuja chini kwa chini na jana twateseka Likoni? Walicheka mpaka popo wakaruka. Na ukifikiri hakuna wa kukuuliza kadi ya njano humo.

Tongoni nako kwa watoto wa Mombasa kunawafaa kuliko wanavyojua. Wao wamekulia na Fort Jesus, Jumba la Mtwana wameenda na shule, Gede wameenda, sasa ukiwasimamisha Tongoni kwenye msikiti ule uliobomoka na makaburi ya nguzo, nguzo zaidi ya ishirini mahali pamoja ingawa nyingi zimeshaanguka, hawahitaji kuelezwa sana, wanaona wenyewe kwamba ni watu wale wale na mafundi wale wale. Nikawaambia Vasco da Gama mnayemsoma kwamba alifika Mombasa Aprili 1498, kabla ya kufika kwenu alipita hapa na jahazi lake moja likakwama kwenye miamba, na alivyorudi toka India 1499 mabaharia wamemfia hana wa kuendesha meli zote, lile lile lililokwama hapa akaja kulichoma moto huku huku. Hii hawakuwa wanaijua. Msichana mmoja akaandika daftarini, wa kwanza kumuona na daftari.

Pale Machui tulisimama kidogo tu, kaburini mtu anasoma dua anaondoka, na ilikuwa jua kali.

Kilichonifurahisha zaidi hakikuwemo kwenye ratiba yao wala ya kwangu. Mama yangu ni Mdigo wa huku, na kwenye kundi kulikuwa na kijana wa Msambweni, bi mkubwa akamsikia anaongea kwa simu na nyumbani kwao, akamrukia kwa Kidigo hapo hapo, wewe mwana wa nani? Wakaanza kutajana, fulani wa Vanga, fulani wa Jego, fulani aliolewa Duga Maforoni, mpaka ikatokea bibi wa yule kijana na marehemu shangazi yangu walikuwa mtu na mtani wake na walizikana. Kijana akabaki mdomo wazi. Kwao aliaga naenda nchi za nje na chuo! Mwalimu akaona nafasi akawaelezea wenzake ule mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886, walichora mstari toka mto Umba ufukweni kwenda zao ziwani huko, Wadigo wakakatwa katikati bila mtu kuwauliza, mmoja akawa Mkenya mwingine akawa Mtanganyika. Kijana kila saa anamwita mama yangu bibi, na kweli ni bibi yake, na Jumapili wakati wa kuondoka basi lilichelewa kwa sababu alikuwa anafungiwa machungwa ya Muheza ya kupeleka kwao.

Jumapili asubuhi badala ya Lushoto niliwapeleka Deep Sea kwa wavuvi. Nilimuomba mzee mmoja jirani yangu mstaafu wa bahari aongee nao, alikaa juu ya dumu akaongea mpaka jua likapanda. Aliwaambia habari za baruti, vile Tanga ilivyokuwa na sifa mbaya, mtu anarusha chupa samaki wanaelea na matumbawe yote chali, na vijana waliokatika mikono anawajua kwa majina. Akawaambia habari za silikanti, yule samaki ambao wazungu walidhani alikufa zama za madinosaria mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, basi huku kwetu Tanzania kuanzia 2003 akawa ananasa kwenye majarife ya papa, wavuvi wanashangaa samaki gani huyu ana mapezi kama miguu na nyama yake mafuta matupu, na 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mtoto mmoja akasema hata Malindi aliwahi kuvuliwa, na ni kweli, 2001, mzee akampa mkono. Wakaulizana maswali ya maana kabisa, mvuvi akikatazwa hapa anaenda kuvua wapi, na watalii wanamuona vipi samaki anayekaa kina kirefu namna ile, mzee anajibu, akishindwa anasema hilo waulizeni wakubwa. Ukinyoosha kidole toka hapo kuelekea ng'ambo wanaona na Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta toka Hoima, kilomita 1,443, na hapo utani ukaanza maana 2016 Uganda ilipochagua Tanga ikaacha njia ya Lamu. Anti mlitunyang'anya bomba! Nikawaambia bandari yetu ina kina, nyie endeleeni na feri.

Tukamalizia kwa kutembea mjini kuelekea makaburi ya vita vya 1914. Novemba ile Waingereza walileta jeshi toka India, watu kama elfu nane, jenerali wao akapita kwanza Mombasa kufanya kikao, akaja huku akapigwa na Wajerumani na askari wao weusi wasiozidi elfu moja na kitu, na nyuki juu yake, mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini ilipigwa risasi basi nyuki wakamaliza kazi. Hawa watoto kila siku wanapita Mwembe Tayari pale kwenye masanamu ya askari wa vita hiyo hiyo, mmoja alisema alidhani ni ya uhuru. Niliwaambia angalieni na wapagazi, maana waliobeba mizigo ya vita ile walikufa wengi kuliko waliobeba bunduki.

Sasa Mhariri nije kwenye kilichonifanya niandike. Mwalimu aliacha karatasi za bajeti mezani, na mimi nina macho. Basi lipo. Dereva na posho yake. Feri. Viingilio. Posho ya mwalimu. Tisheti zilizochapwa jina la safari, bango kubwa la kupigia picha, hela ya bango lile ningewalisha chai asubuhi zote mbili. Mwenyeji hakuna. Yule mzee wa Deep Sea hakuna. Sijaandikwa hata sifuri, sipo tu.

Mniambie chai ya watu thelathini na kitu inatoka wapi. Mkate wa kumimina unga wa mchele, mbaazi za nazi, maziwa, wanakula mara mbili kwa sababu ni vijana na wanatakiwa kula. Mchana wali wa nazi na samaki, samaki wa Jumamosi bei iko juu. Gesi ilikatika katikati nikarudi kwenye mkaa. Maji ya kuoga watu wote hao, nyumba ina choo viwili, mabinti wangu nimewahamishia kwa dada yangu Chumbageni. Nyumba nzima nimeiweka juu chini, na Jumapili napewa tisheti, tena saizi ya mtoto, na cheti cha shukrani kilichoandikwa jina langu vibaya. Yule mzee nilimtoa kitu mfukoni mwangu, kwa sababu asubuhi ya mtu wa baharini ni hela, na yeye hakuomba. Angeomba pengine wangempa. Ndo ustaarabu wetu unavyotuponza, mtu wa pwani hawezi kumwambia mgeni nilipe, mgeni naye akiona haambiwi anadhani ni bure.

Kuna mtu atasema lakini mama ukilipwa si utakuwa umefungua hoteli, ukarimu uko wapi? Nimelifikiria hilo. Mwanangu akija na wenzake watatu kutoka chuo sitaki senti tano, nitachinja kuku. Lakini chuo ni taasisi, kina mhasibu, kinaandika ripoti kwamba tulifanya safari ya mafunzo nje ya nchi, wanafunzi wamelipa ada ya safari. Kama dereva analipwa kwa kuwafikisha Tanga, basi na anayewafanya waione hiyo Tanga aandikwe mstari wake, hata kiwe kidogo, hata kiwe cha kununua magunia ya mkaa tu. Tena mkubaliane kabla, kwa simu, na kwa shilingi ipi, maana ya kwenu inacheza kwenye ishirini za kwetu na mtoto akibadilisha kwa wale wa mpakani usiku anapigwa.

Na nyie wa huku nisiwasahau, wakuu wa shule na vyuo vya Tanga. Mbona safari zote zinakuja upande mmoja? Watoto wetu Fort Jesus wanaijua kwenye picha, wakati kutoka hapa ni karibu kuliko kwenda Dodoma, tena ndugu wa kulala kwao wapo tele kuanzia Vanga mpaka Likoni. Tukiwapelekea na sisi basi moja la watoto wanaokula mara mbili tutaelewana vizuri zaidi kwenye hiyo habari ya bajeti.

Nasikia kuna kundi lingine linajipanga kuja Desemba, na mwalimu wao ameshatuma salamu kwamba safari hii Lushoto lazima. Sawa. Waje na siku nne, kadi za njano wachome mwezi huu, na nambari yangu wanayo, wanipigie kabla hawajachapa tisheti.

Mama wa Makorora,
Tanga.